Mawe ya Noeline

Jiwe la kwanza lilitua palepale samaki mkubwa aina ya trauti alipokuwa akiibuka kula wadudu.

Murdoch hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Noeline tu, mwenye shamba la kondoo kando ya Mto Waitaki. Tangu kondoo wake watawanyike barabarani kwa lango alilodai Murdoch kaliacha wazi, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Juzi tu alimwambia dukani, mbele za watu, "Mzee, nikikuona tena mtoni kwangu utajuta."

Murdoch alimtaka samaki huyo kwa kufa na kupona. Daktari alikuwa amesema magoti yake hayataingia mtoni tena majira ya machipuko yajayo. Ndiyo maana alivuka hadi kwenye kisiwa cha changarawe na kusimama ukingoni mwake, maji chini ya magoti. Sasa yalimfika mapajani. Changarawe inadidimia, aliwaza. Mvuvi akiganda mahali pamoja huzama.

Jiwe la pili. La tatu. Samaki akatoweka.

"We mwanamke, una kichaa?" alifoka. "Kondoo wako nimekula mie?"

Mdomo wa Noeline haukufumba, lakini Murdoch hakuambulia neno. Vifaa vyake vya kusikia aliviacha garini visilowe. Noeline akajigonga sikio, akanyoosha kidole kule mto unakotoka, kwenye bwawa la umeme. Yaani, kiziwi wewe, potelea huko. Murdoch akampa mgongo, akarusha mshipi upya.

Alipotupa jicho nyuma, Noeline alikuwa ameshika kisanduku cha chambo ambacho Murdoch alikiacha ukingoni. Nzi bandia wa manyoya, ambao Murdoch aliwafunga kwa mkono majira yote ya baridi, mmoja mmoja, aliwamwaga mtoni huku akimkazia macho.

Watu husema hasira hasara. Murdoch hakutaka kujua. Alikata maji kurudi ng'ambo, mkondo ukimsukuma naye akiusukuma, bila kumwondolea macho yule mwanamke. Maji yakamwingia ndani ya suruali ya mpira kiunoni, hakujali. Alitaka kumvunja shingo.

Akapanda ukingoni akihema. "Leo utanilipa, we mama. Nzi kwa nzi."

Noeline alikuwa akilia. Alimshika kidevu, akamgeuza uso mtoni.

Kisiwa hakikuwepo; maji yaliyofunguliwa bwawani yalikuwa yamekimeza. Pale alipokuwa amesimama, mkaratusi mzima, mizizi juu, ulikuwa ukipita kwa kasi.