Betri ya Trekta

Pikapu ya Mbaruku iligoma kuwaka asubuhi ile alipotaka kumkimbiza mkewe, Hadikwa, hospitali kujifungua. Hadikwa alikuwa tayari ameketi ndani, ameuma upindo wa kanga.

Kundaeli, jirani asiyesemezana naye tangu wagombee mpaka wa mashamba yao, alikuwa akienda kulima. Aliposikia gari likikohoa, alisogeza trekta lake karibu, akaunganisha nyaya za kubusti bila salamu. Pikapu ikawaka. Alipozichomoa, ikazimika.

"Altaneta yako haichaji," alisema. "Hata betri imekufa."

"Sasa nifanyeje, Kundaeli?"

Kundaeli aliangalia mawingu, kisha akamwangalia Hadikwa. Akachukua spana, akafungua betri ya trekta. Ilikuwa kubwa mno kwa pikapu, wakaibana kwa kamba.

"Hii itakufikisha. Usiwashe feni wala redio, na usizime injini njiani."

"Na shamba lako? Mvua ndiyo hiyo."

"Nenda, bwana!"

Mbaruku aliondoa gari. Kwenye kioo alimwona Kundaeli amesimama kando ya trekta, boneti wazi, matone ya kwanza yakimdondokea begani.