Picha Inayoshuka Polepole

Fundi alikuwa ameshashika bisibisi. Alingoja neno langu tu, kwa kuwa kompyuta ile niliachiwa na marehemu mume wangu.

"Bibi, sema basi," akasema mjukuu wangu. "Maharusi wananipigia simu kila saa, wanataka picha zao. Nitazisafisha kwa mashine gani? Hii inajikokota kama mja mzito."

"Nikiiongezea memori," fundi akasema, "picha itafunguka kufumba na kufumbua."

Hapo moyo wangu ukasita. Mjukuu wangu alikuwa amefungua picha ya babu yake ili nione mashine ilivyochoka. Picha ilikuwa ikishuka polepole kutoka juu ya kioo. Kofia ilitangulia, likafuata paji la uso, kisha ikakwama kwenye nyusi.

Hata zamani, katika chumba chetu cha giza cha kusafishia picha, watu walitokea taratibu namna hiyo. Mume wangu akitikisa beseni la dawa, mimi nimeshika koleo, sote tunaikodolea macho karatasi nyeupe. Nikitaka kuitoa mapema, alikuwa ananigusa kiwiko.

"Ngoja," ananiambia. "Anakuja."

"Umeona, Bibi? Imeganda tena."

"Nimeona. Haya, ifungueni muiongezee hizo nguvu, maharusi wa watu wasije wakazeeka. Ila huyu afike kwanza."

Fundi akaweka bisibisi mezani. Mjukuu wangu, kwa mazoea, akanyoosha mkono abonyeze kitufe ili aiharakishe.

Nikamgusa kiwiko.

"Ngoja," nikamwambia.