Bango la Kahawa

Nilikuwa napitisha mabomba kwenye pindo mbili za bango, tayari kuning'inizwa darini likiwa limelala, kwenye maonyesho ya biashara, kijana mmoja aliposimama mlangoni pa karakana yangu. Mwenye bango, mama muuza kahawa, alikuwa ameketi karibu yangu akisubiri.

“Mama, mutoto wako Wenceslas wamemupiga masasi ya bunduki hapa kwa kona,” alisema kijana. “Amekufa. Hatuna kitu ya kumubebea.”

Mama hakulia. Aliangalia bomba moja, akaangalia la pili, na turubai pana katikati.

“Papa, leta hiyo,” aliniambia.

“Mama, iko na picha yake.”

“Najua. Leta.”

Picha aliichagua mama mwenyewe: mwanawe ameshika kikombe cha kahawa, anacheka. Niliichapisha upande wa chini tu, wa juu nikauacha mweupe, kwa sababu bango la namna hii hutazamwa na watu wanaopita chini yake.

Pale kona tulimlaza juu ya upande mweupe, picha ikiwa chini. Wanaume wanne walishika ncha za mabomba, wakamwinua hadi mabegani.

Mama ni mfupi. Alisogea, akainua uso kumtafuta mwanawe, akamwona anacheka.