Pua ya Mama

Soko lilikuwa linachemka. Iliki ilinukia kila gunia lilipofunguliwa, vitunguu vilikuwa vinakaangwa pembeni, na mananasi yaliyokatwa yalichuruzika maji mezani. Binti alipita polepole, yeye ambaye zamani alikuwa akimkokota mama yake: "Mama, twende! Utanusa soko zima? Watu wanatuangalia!"

"Ala! Binti wa Mama Pua!" muuza maembe alimwita kwa sauti. "Umepotea sana! Mama hajambo?"

"Hajambo."

Neno lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu akiulizwa. Akafungua kinywa alirekebishe, aseme kwamba mama walishamzika, kabla ya mvua. Lakini muuzaji alikuwa ameshainamia tenga, anachagua huku akicheka.

"Mwambie amenisusa. Hawa wengine wanaminyaminya tu, wananiharibia maembe. Yeye ndiye aliyejua kununua."

Akaibuka na embe moja lenye wekundu begani, akalipangusa kwa upindo wa gauni lake.

"Hili siuzi. Mpelekee."

Embe lilikuwa na joto la jua. Binti aliligeuza, akaliweka puani, pale pale kwenye kikonyo alipokuwa akinusa mama. Akavuta pumzi, macho kayafumba, asijali nani anamwangalia.

"Ila asilikate leo," muuzaji alisema. "Lilale mpaka kesho kutwa, litakuwa asali."

"Nitamwambia."