Betri Chini ya Kiti

Meshaki hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na baiskeli, wala shamba la chai, wala viatu vya kufunga kamba, wala mke. Leseni ya udereva hakuwa nayo pia, lakini hiyo haikumsumbua, kwa sababu alikuwa na betri.

Betri yenyewe ilikaa chini ya kiti cha Landrova ya Fred, uani, Kisondela. Fred alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Serikali iliporuhusu biashara huria alianza kupeleka ndizi Dar es Salaam, na mwishowe akaamua kuhamia huko. Mama yake, bibi Esnath, alibaki kitandani, miguu haina nguvu. Siku ya kuondoka Fred alimwachia Meshaki kazi mbili: kumtunza mama na kutunza betri.

"Mdogo wangu, nikirudi nikakuta taa zinawaka, gari ni lako," alisema mbele ya mama yake. "Na mama akizidiwa niandikie siku hiyo hiyo. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nisipomzika kwa mkono wangu, sitakuwa na uso wa kukanyaga tena Kisondela."

Ufunguo wa kuwashia alikwenda nao, akisema mtu asiye na leseni ataua watu. Boneti aliitia kufuli kwa sababu ya wezi wa kabureta. Kisha akaomba msaada wa kupakia lori. Walipakia mikungu ya ndizi, na juu yake mashine ya kusaga iliyoharibika, nzito ajabu, imeviringishwa magunia. Meshaki aliinua upande mmoja. Bega lilimuuma hata wiki iliyofuata.

Utunzaji wa betri alifundishwa na Idrisa, fundi wa Makandana aliyekuwa na chaja. Gari likisimama, Idrisa alimweleza, betri hujila yenyewe polepole, na ukiacha waya zake zimefungwa hujila haraka zaidi. Basi Meshaki aliuchomoa waya wa hasi na kuufunga kitambaa. Unga mweupe ulioota kwenye vichwa vya betri aliuosha kwa maji ya moto, akapaka grisi. Ilipoanza kulegea aliibeba mgongoni, kwa miguu, mpaka Makandana kuichajisha. Asidi ilitoboa shati lake la kanisani, naye akaendelea kwenda ibada na matundu yake.

Kila jioni alirudisha waya, akawasha taa kidogo, akapiga honi mara moja.

"Ndaga, mwanangu," bibi Esnath alishukuru kutoka ndani. Honi ile ilimwambia kwamba Fred angali yuko njiani. Baada ya hapo Meshaki alimnywesha uji, akamgeuza ubavu, akamfunika.

Meshaki alitaka kumwoa Atuganile. Baba wa msichana, aliyekuwa akidai ng'ombe wa mahari kabla ya kumtoa binti yake, alipita siku moja akaliangalia gari lile, akalizunguka, akakubali kungoja. Gari lingeleta ng'ombe, na ng'ombe wangemleta Atuganile. Meshaki hakuhitaji hesabu nyingine.

Akiwa kwa Idrisa hakuacha kujisifu. Alisema gari lake lilisimama limeinua pua juu, kama lina hamu ya safari, na tangu liegeshwe halijadondosha hata tone la oili.

Idrisa alicheka mpaka akaweka spana chini. "Landrova isiyovuja oili? Kaka, hilo si gari, hilo ni kabati."

Wote waliokuwa gereji wakacheka, na Meshaki akacheka nao. Mtu mwenye gari anaweza kuvumilia utani.

Asubuhi moja ya masika bibi Esnath alishindwa kuvuta pumzi. Meshaki hakungoja ruhusa ya mtu. Alikimbia mpaka Makandana, akarudi na Idrisa aliyebeba nyundo na kipande cha waya, maana gari laweza kuwashwa bila ufunguo ikiwa betri ni nzima.

Betri ilikuwa nzima. Taa ziliwaka kali, mvua ikinyesha mbele yake. Idrisa alimpigia saluti ya utani, akaligonga kufuli likakatika, akainua boneti.

Akabaki hivyo, mkono juu.

Ndani kulikuwa na kiota cha kuku na mayai yaliyooza. Chini ya kiota majani marefu yalikuwa yameota kutoka ardhini, yakapanda hadi mahali pa injini.

"Kaka," Idrisa alisema taratibu, "injini ya gari hili iko wapi?"

Meshaki alilishika bega lake.

Bibi Esnath alibebwa kwa machela, majirani wakipokezana kwenye utelezi kuelekea hospitali. Taa za Landrova hakuna aliyekumbuka kuzizima.

Kesho yake asubuhi Meshaki alisimama posta ya Tukuyu, amevaa shati lake la matundu, akaandika kwa herufi kubwa, safi, bila kufuta neno:

"Kaka Fred, huku kwetu ni salama. Mama hajambo, anakula vizuri, na anakusalimu sana. Betri ni nzima. Usihangaike na nauli, endelea na kazi zako. Kukiwa na lolote nitakuandikia."

Alilamba gundi, akaifunga bahasha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akabandika stempu, akaitumbukiza sandukuni.

Nje, Idrisa alikuwa akimsubiri na mbao za jeneza.

"Fred ameshaarifiwa?"

"Barua imeondoka," Meshaki alisema, akainua upande mmoja.