Malaika wa Kwenye Video

Mdogo wangu Coleta, aliyemaliza la saba juzi tu, kesho anaozeshwa kijijini Muze. Ng'ombe wa mahari wameshafika. Leo ameomba aone video, na Baba akanituma nikae mlangoni pa kibanda cha video asije akatoroka.

Kwenye picha, malaika alimfungulia msichana mlango. Mtafsiri akasema, "Huyo ndiye mlinzi wake, jamani."

Umeme ukakatika. Watu wakazomea, wakatoka.

Coleta hakuinuka. "Dada, lile gari la masista bado lipo sokoni?"

"Lipo. Linapakia mahindi ya kupeleka misheni."

"Baba utamwambia nini?"

Watu walipokwisha kupita, nilikuwa nimeinyoosha tena miguu yangu kizingitini, imevimba kwa kulima matuta tangu alfajiri.

"Nitasema nilisinzia," nikamwambia, nikaikunja miguu.