Kamba Aliyemfundisha Anemoni Adabu za Kula

Sebuleni kwa Bi Mwanakheri, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, aliishi Anemoni, mnyama wa baharini aliyefanana na ua na aliyependa mno kusifiwa. Jirani yake alikuwa Kamba, mlafi asiye na haya.

Kila Ijumaa Bi Mwanakheri alichukua koleo, akamwekea Anemoni kipande cha samaki katikati ya minyiri yake, ile mikono laini ya kunasia chakula. Ijumaa moja Kamba akamsogelea.

"Dada, mrembo kama wewe, umbo kama ua, unatafuna samaki hadharani? Wageni wakikuona watasemaje?"

Anemoni akaona aibu, akakiachia kipande. Kamba akakidaka hapohapo.

Mchezo ukawa huo kila wiki. Anemoni akasinyaa. Bi Mwanakheri akadhani anampunja, akaongeza vipande, na Kamba akazidi kunenepa hadi gamba likambana. Ikabidi alivue. Akabaki laini tepetepe, hana hata pa kujikinga, na Kaa, jirani yao mwingine mle tangini, akaanza kumkodolea macho.

Kamba akakimbilia kwa Anemoni.

"Dada yangu, nifiche!"

"Karibu, kaka. Pita ndani kabisa."

Kamba akapita. Minyiri ikamfunika taratibu.

"Dada, mbona unanibana? Umesahau nilichokufundisha?"

"Nisahau vipi, kaka? Ulinikataza kula mbele ya wageni," akasema Anemoni, huku akijifunga. "Leo tuko wenyewe."